Togwa Hai, Togwa Siha: shajara ya wiki 12

Jumapili, 6 Julai 2025, Moshi

Kesho ni Saba Saba, shule hazijafunguliwa, nami nimekaa jikoni na daftari la jalada gumu naandika mambo ambayo baba watoto anasema ni ya maabara, siyo ya mezani. Mradi unaanza kesho. Mgonjwa ni mimi na mtafiti ni mimi, na hilo ndilo tatizo la kwanza.

Nina pumu ya ngozi tangu darasa la tatu: viwiko kwa ndani, nyuma ya magoti, shingo, na tangu nianze kufundisha, vidole vya mkono wa kulia, mkono wa chaki. Kipupwe kikiingia, Mlima ukajifungia mawinguni wiki nzima, ngozi yangu hukauka ikapasuka kama tope la bwawa lililokaukiwa. Usiku najikuna nikiwa usingizini. Asubuhi shuka lina vidoa vya damu, na mtoto anauliza kama kuna kunguni.

Kilichonichokoza ni utafiti uliotoka Aprili mwaka huu kwenye jarida la Nature Medicine, uliofanyika hapa hapa Kilimanjaro na watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Vijana wa kiume 77, wote wazima. Wa kijijini walibadilishiwa chakula wakala vya kizungu kwa wiki 2, wa mjini wakarudishwa kwenye vyakula vya asili kwa wiki 2, na kundi la tatu, hawa nawaonea wivu, wakanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki 1. Walioingia kwenye vyakula vya kizungu, dalili za uvimbe katika damu, yaani za kinga ya mwili kuwaka, zilipanda na chembe zao za kinga zikapungua makali mbele ya vijidudu. Walioingia kwenye vyakula vya asili na mbege walielekea upande mwingine. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye.

Haukuwa utafiti wa ngozi. Nalijua hilo, na naliandika hapa ili nisije nikalisahau nitakapokuwa na hamu ya kulisahau. Lakini pumu ya ngozi ni uvimbe, kinga ya mwili inasimamia uvimbe, na sehemu kubwa ya kinga inaishi jirani na utumbo, ikifunzwa kila siku na vijidudu vilivyomo humo. Vijidudu hivyo vikipata nyuzinyuzi za chakula hutengeneza asidi fupi fupi, butireti ikiwemo, ambazo zinajulikana kutuliza chembe za kinga. Njia kutoka tumboni hadi kiwikoni basi ipo. Sijui tu kama kuna gari linalopita.

Mama mkwe wa Kibosho alipopigiwa simu akasikia habari ya mbege, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hilo ulihitaji Wazungu wakwambie?" Nikamweleza kwamba saa 1:30 asubuhi nakuwa mbele ya kidato cha pili, na mwalimu anayenuka mbege hahitaji utafiti, anahitaji barua. Kwetu Songea tuna togwa, uji uliochachushwa usiolevya. Ndiyo nitakayoitumia.

Mpango ni huu. Napika uji wa mahindi, ukipoa ukawa vuguvugu natia kimea cha ulezi na kikombe cha togwa ya zamani, nafunika siku nzima na usiku wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walishachunguza togwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakuta kinara wa bakteria wake ni Lactobacillus plantarum. (Tangu 2020 anaitwa Lactiplantibacillus plantarum, maana jenasi nzima ya Lactobacillus ilivunjwa vipande zaidi ya ishirini. Wanafunzi wangu wakijua wataandamana.) Nikimaliza naondoka nyumbani kwenda kwa jirani. Baba watoto anapeleka sufuria kwenye jiko la nje. Huko, kulingana na bahati nasibu aliyokwisha kuicheza, ama anaichemsha dakika 10 bakteria wote wafe, ama anakaa tu karibu na moto akisoma simu. Mimi napika, yeye anaua au anasamehe. Kisha anaweka kwenye chupa, friji, na mimi nakunywa nusu lita kwa siku, baridi, bila kujua nakunywa ipi.

Wiki 2 za aina moja, wiki 2 za nyingine, mara tatu. Jumla wiki 12. Alama nahesabu mwisho wa wiki ya pili tu, ili ya kwanza iwe ya kusafisha mabaki.

Togwa yenye bakteria wazima tumeiita Hai. Ile iliyochemshwa nilitaka kuiita Bubu, lakini baba watoto kasema Siha, kwa sababu wilaya ya Siha ilimegwa kutoka Hai. Utani wa kwao. Tumekubaliana.

Sarafu ni ya shilingi 200: simba, Hai inaanza, Karume, Siha inaanza. Karushwa mara tatu nikiwa chumbani. Matokeo yako kwenye bahasha iliyobandikwa gundi, na bahasha iko juu ya kabati la vyombo ambako siwezi kufika bila kiti.

Kipimo: POEM, dodoso la maswali 7 lililotungwa Nottingham, Uingereza. Linauliza siku ngapi wiki hii umewashwa, umekosa usingizi, umetoka damu, umetoka majimaji, ngozi imepasuka, imebanduka, imekuwa kavu. Kila swali 0 hadi 4, jumla 28. Kuanzia 17 unahesabiwa kuwa na ugonjwa mkali. Ili mtu aseme kuna tofauti ya maana, alama zisogee kama 3 na ushei.

Usiku huu nina 17.

Jumatano, 9 Julai

Togwa ya kwanza imekubali. Karatasi ya pH niliyoipata maabara ya shule inaonyesha chini ya 4. Tamu chachu, kama ya mama.

Jumapili, 13 Julai

16. Haihesabiwi, ni wiki ya kusafisha. Tumbo linanguruma kwenye kipindi cha pili, darasa linasikia.

Alhamisi, 17 Julai

Mradi umepata ajali, tena ya kijinga. Nimefungua chupa usiku, ikafanya "psss".

Bakteria wazima hutoa gesi. Bakteria wafu hawatoi kitu. Kwa hiyo najua: hii ni Hai. Sarafu, bahasha, kiti kisichofika kabatini, vyote vimetobolewa na sauti ya kizibo. Nimekaa kitako sakafuni nikacheka peke yangu.

Marekebisho: kuanzia leo baba watoto ndiye anayefungua, anamimina kwenye jagi, anakoroga povu liishe, ananiletea kikombeni. Anasema hakuoa ili awe mhudumu wa baa. Namwambia baa hii haina bili.

Jozi ya kwanza basi haina upofu, yaani kutojua nakunywa ipi: kama hii ni Hai, inayofuata ni Siha. Naiandika hivyo hivyo.

Jumapili, 20 Julai

16.

Jumapili, 27 Julai

Baridi kali, sweta la sufu linakwaruza shingo. 17. Wiki ya kusafisha.

Wiki hii nimesoma zaidi kuliko nilivyosahihisha madaftari, Mungu anisamehe. Historia ya jambo hili inapanda na kushuka kama barabara ya Marangu. 2001, Ufini, jarida la Lancet: akina mama wenye ukoo wa mzio walipewa bakteria Lactobacillus rhamnosus GG wakiwa wajawazito, na watoto wao baada ya kuzaliwa. Kufikia miaka 2, pumu ya ngozi iliwapata asilimia 23 ya watoto, dhidi ya 46 kwa waliopewa kidonge kisicho na kitu. Nusu! Dunia ikashika kasi. 2008 Wajerumani wakarudia kwa bakteria yule yule, wasione tofauti yoyote. Na ule wa Ufini ulikuwa wa kuzuia kwa mtoto mchanga, siyo wa kutibu mwalimu wa miaka 36 ambaye ngozi yake imeshaota mizizi ya tabia.

Kwa kutibu, mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 39 yenye watu 2,599. Jibu: probiotiki, yaani bakteria hai wanaomezwa kwa ajili ya afya, kwa zile zilizopimwa, huenda hazileti tofauti, au zinaleta ndogo sana, katika dalili anazozisikia mgonjwa mwenyewe. Nililisoma jioni nikaenda kulala bila kumwambia mtu, kama aliyepata barua ya posa kukataliwa.

Asubuhi nikajitetea: hakuna aliyepima togwa. Hoja hiyo naifahamu. Mganga yeyote pembeni ya stendi anaitumia.

Jumapili, 3 Agosti

15. Mvua ya manyunyu. Baba watoto ameniletea kikombe akiwa na uso mkavu kama wa mcheza bao. Bure tu, kizibo kilishaniambia hii ni Siha.

Jumatano, 6 Agosti

Ofisi ya walimu. Mwenzangu wa Jiografia amesikia mradi wangu, akaja na video kwenye simu: watu wanapandikiziwa kinyesi cha mtu mzima wa afya, magonjwa yote yanaisha, ngozi ikiwemo. Walimu wawili waliokuwa wanakula maandazi wakahamia dirishani.

Nilimweleza ninachokijua. Kitu hicho siyo uongo. 1958 huko Denver, Marekani, daktari Ben Eiseman na wenzake waliwatibu kwa njia hiyo wagonjwa 4 ambao utumbo wao ulikuwa umevimba na kuwaka vibaya, wakapona. 2013 Uholanzi walifanya jaribio lenyewe hasa kwa wagonjwa wa bakteria Clostridioides difficile anayerudi rudi: 13 kati ya 16 walipona kwa dozi moja, jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa ingekuwa ukatili kuwanyima wengine. Tangu 2022 Marekani wameruhusu dawa rasmi za aina hiyo kwa ugonjwa huo. Lakini ni ugonjwa huo. Na 2019 mamlaka ya dawa ya huko ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili kuambukizwa E. coli sugu kutoka kwa mchangiaji ambaye kinyesi chake hakikupimwa ipasavyo, mmoja akafariki.

"Kwa hiyo kwa ngozi?" akauliza.

Kwa ngozi, nikamwambia, mwalimu, tule maandazi.

Akaniachia jambo moja zuri kabla hajaondoka, bila kujua. Alisema, "Lakini bakteria wazuri si wanajulikana?" Nilimpa habari ya Wahadza, wawindaji wa Ziwa Eyasi, majirani zetu kabisa. Utafiti wa 2014 ulichunguza kinyesi chao na kukuta watu wazima hawana kabisa Bifidobacterium, yule yule anayechapwa kwenye makopo ya mtindi kuwa ni rafiki wa tumbo. Wanakula mizizi, ubuyu, asali na nyama, wana vijidudu vya aina nyingi kuliko Wataliano waliolinganishwa nao, na wanaishi bila rafiki huyo. Uzuri wa bakteria unategemea anaishi kwa nani. Kengele ikalia, akaenda 3B na swali lake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Umeme umekatika tangu jana saa 4 usiku. Togwa ya kwenye friji imeendelea kuchachuka, au haijaendelea, kulingana na ni ipi. Nimemkataza baba watoto asiniambie inanuka vipi.

Jumapili, 17 Agosti

15. Wiki 6 zimepita, nusu ya mradi, na nimetoka 17 hadi 15. Hii ingetokea hata kama ningekunywa maji ya bomba na kuimba kwaya.

Jumanne, 19 Agosti

Naandika kirefu leo.

Nilikuwa na miadi ya kliniki ya ngozi, niliyoichukua mwezi wa tano na kuisahau. Moshi tuna bahati ambayo hatuijui. Kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kimekuwepo tangu 1992, na wanaokuja kusoma hapo wanatoka nchi nyingi za Afrika. Mimi ninayeishi mwendo wa bodaboda moja nilikuwa namwamini dada wa duka la dawa.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akaangalia viwiko, shingo, vidole. Kisha akaniomba dawa ninayotumia. Nikatoa tyubu ya gramu 15 ya krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi.

"Mwalimu, hii umeinunua lini?"

"Pasaka."

"Pasaka hii?"

Nikanyamaza.

Akaikamua tyubu kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, kutoka kwenye ncha mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. "Hii ni nusu gramu. Inatosha eneo la viganja viwili vya mkono wako. Haya, hesabu wewe mwenyewe sehemu zako." Nikahesabu kwa sauti kama mwanafunzi: viwiko, magoti, shingo, vidole. Kwa ngozi ilivyo, tyubu ya gramu 15 ilipaswa kuisha kabla ya wiki kwisha. Mimi nimekaa nayo miezi minne. Nilikuwa naipaka kama mtu anayeweka chumvi kwenye uji wa mgonjwa wa presha.

Akauliza kwa nini naiogopa. Nikamwambia kuhusu shangazi.

Shangazi yangu alitumia mkorogo miaka kumi. Alitaka weupe, akaupata, kisha ngozi ya mashavu ikawa nyembamba kama karatasi ya maandazi, mishipa ikaonekana, ukimgusa anavilia damu. Ndani ya mikorogo mingi mna steroidi kali ambayo haijaandikwa popote. Nilimwona akifunika uso kwa mtandio harusini, nikaapa: steroidi, hapana. Na mwaka juzi niliwahi kuuziwa kwenye duka moja krimu ya mchanganyiko, tatu katika moja, "inatibu kila kitu". Ngozi ikatulia wiki, ikarudi na mapunye juu. Kiapo kikakolea.

Daktari hakunikatiza. Alipoona nimemaliza akasema kwamba shangazi alipaka kali, usoni, kila siku, miaka kumi, bila mtu wa kumwangalia; yeye ananiandikia ya kati, shingoni ya chini zaidi, kila siku wiki 2, kisha siku 2 tu kwa wiki mahali panaporudi rudi. Na mafuta ya mgando, kopo la gramu 250 liishe ndani ya wiki, nipake ndani ya dakika chache baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Sabuni ya kipande nisiiguse.

Nikamweleza togwa. Alisikiliza kwa kweli, akauliza hata jinsi ninavyoua bakteria. "Kunywa, haina ubaya. Utumbo na ngozi tunavifuatilia sana siku hizi. Lakini usiache dawa ukisubiri tumbo likutibu."

Sasa shida ya mtafiti. Niko siku ya pili ya kipindi cha nne. Nikianza dawa leo, jozi ya pili imevurugika: kipindi cha tatu bila dawa, cha nne na dawa. Uadilifu wa mradi unanitaka nisubiri hadi 28 Septemba. Nilimwambia hivyo baba watoto tukiwa tunakula. Akaweka tonge chini.

"Mama watoto, wewe ni mgonjwa au panya?"

Nimepaka leo usiku. Ncha ya kidole, ncha ya kidole, ncha ya kidole. Nimeandika tarehe pembeni kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimelala hadi saa 12 asubuhi. Sikumbuki mara ya mwisho. Shuka ni safi.

Jumapili, 31 Agosti

8.

Kutoka 15 hadi 8 kwa wiki 2. Kwa mizani ya POEM, nimetoka ukingoni mwa ukali nikaingia ukingoni mwa wepesi. Mtoto ameshika kiwiko changu akasema, "Mama, kimekuwa laini kama cha kwangu." Uongo mtupu, lakini nimeupokea.

Na hapa panataka nijikemee. Moyo wangu wote unasema kipindi hiki ni Hai. Najisikia mwepesi, tumbo limetulia, naona kabisa bakteria wakipanda kwenye damu na kuzima moto. Hata nimeanza kutunga sentensi za kumwandikia mama yangu Songea. Kalamu nyekundu ya 19 Agosti iko pale pale ukurasani, naiona, na bado moyo unasema togwa. Nimemwomba baba watoto ahamishe bahasha aifiche mahali pengine.

Jumapili, 7 Septemba

7, ya kusafisha. Wingu limeachia, Mlima ulionekana kuanzia asubuhi hadi saa 5. Joto linaanza. Kila Septemba ngozi yangu huwa nafuu kidogo, hili nalo naliandika: kama ningeanza togwa Julai na kuhesabu Septemba bila jozi jozi, msimu peke yake ungenipa ushindi.

Jumapili, 14 Septemba

6.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama mkwe kaja na ndizi na maparachichi. Kaangalia mikono yangu, kaigeuza geuza kama anayenunua kitambaa. "Ni hiyo togwa yako?" Nikasema bado sijui. "Unakunywa miezi miwili hujui?" Nikamweleza habari ya sarafu, na jiko la nje, na mwanawe anayeua au kusamehe. Alimtazama mwanawe muda mrefu. "Kumbe ndiyo maana umekonda," akamwambia.

Jumapili, 28 Septemba

7.

Saa 3 usiku, watoto wamelala. Baba watoto ametoa bahasha kutoka ndani ya mfuko wa unga wa ugali ambao mimi mwenyewe nimeuchota kila siku kwa wiki 4. Tumefungua.

Simba, simba, Karume.

Kipindi cha kwanza Hai, 16. Cha pili Siha, 15. Cha tatu Hai, 15. Cha nne Siha, 8. Cha tano Siha, 6. Cha sita Hai, 7.

Nilisoma mara mbili. Kipindi kile cha nne, nilichohisi bakteria wakipanda kwenye damu, nilikuwa nakunywa uji wa maiti. Siha, iliyochemshwa dakika 10, haina kitu kinachotembea.

Nikafanya hesabu ya mjinga kwanza, makusudi. Wastani wa Hai: 12.7. Wastani wa Siha: 9.7. Tofauti ya alama 3, karibu kabisa na ile inayohesabiwa kuwa ya maana, kwa faida ya togwa iliyokufa. Tukiiondoa jozi ya pili iliyovurugwa na tyubu, zinabaki 11.5 kwa 10.5. Alama moja. Alama moja ni usiku mmoja wa mbu.

Kilichonikalia kooni ni sarafu. Mrusho wa pili ulitoka simba. Ungetoka Karume, zile alama 7 za tyubu zingeangukia upande wa Hai, na wastani wa Hai ungekuwa 10.3 dhidi ya 12. Ningekuwa na grafu, na jozi tatu, na sarafu, na upofu, na vyote vinasema togwa hai inashinda. Mama angepata barua yake. Walimu wenzangu wangekuwa wananunua kimea kwangu. Ningesema kweli tupu kuhusu kila tarakimu na bado ningewadanganya, isipokuwa kama ningekumbuka kuwaonyesha ule mstari mwekundu. Nadhani ningekumbuka.

Baba watoto kauliza swali zuri kuliko yangu yote: je, wafu nao hawafanyi kazi? Huenda. Hata wataalamu wana jina la vijidudu vilivyokufa vyenye manufaa, postibiotiki, na walikaa wakakubaliana maana yake 2021. Halafu vyote viwili, Hai na Siha, vina mahindi yale yale na ulezi ule ule, nyuzinyuzi zile zile. Mimi nilipima uhai wa bakteria tu, sikupima uji. Na wiki 2 ni chache. Wale watoto wa Ufini walifuatiliwa miaka 2.

Jumatano, 1 Oktoba

Tyubu ya tatu imefunguliwa. Sasa ni Jumamosi na Jumapili tu, viwiko na shingo. Kopo la mgando limebaki robo. Nimepiga hesabu ya gharama ya mwezi, inazidi kidogo ile niliyokuwa natoa kwa krimu za kubahatisha.

Vidole vya mkono wa kulia havijafuata wengine. Bado vinapasuka Alhamisi, siku yenye vipindi 6 ubaoni. Kati ya maswali yote ya mradi huu, hilo ndilo lenye harufu ya jibu: chaki inanyonya unyevu, kisha nanawa kwa sabuni ya kipande ya chooni shuleni, mara nane kwa siku. Nimenunua kishikio cha chaki cha plastiki. Wiki 2 nacho, wiki 2 bila. Hapa upofu hauwezekani, labda nifundishe nimefunga macho, na kidato cha pili watafurahi mno.

Jumapili, 5 Oktoba

6. Vidole tu ndivyo vinavyodai.

Togwa naendelea nayo, kwa sababu ni tamu na watoto wameizoea. Haichemshwi tena. Jioni hii mdogo kafungua chupa mwenyewe, ikafanya psss, akaniangalia akaniuliza kwa nini nacheka.